Matundu ya Kutokea

Unga ulikuwa chini ya kitanda, upande anaolala mume.

Msasa aliuona asubuhi alipokuwa anafagia chumba cha dada yake, akadhani ni poda. Na kwa nini asidhani? Katika nyumba ile poda ilitumika kuliko chumvi. Kila baada ya siku mbili tatu Dada alikaa mbele ya kioo, akajipaka shavuni, akashuka mpaka shingoni, taratibu, kama mwashi anayepiga lipu ukuta wenye nyufa, kisha akatoka sebuleni akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

Akakifagia kile kirundo. Akaenda kuegesha fagio nyuma ya mlango. Aliporudi kuchukua ndoo, kirundo kilikuwa palepale, kimechongoka, kana kwamba hakijaguswa.

Akachovya kidole.

Hakuitwa Msasa bure. Kwa miaka minne alikuwa akipiga msasa na vanishi katika karakana ya shemeji yake, iliyopakana ukuta kwa ukuta na nyumba, na vidole vyake vilijua kila vumbi la mbao. La msumeno lina chembe, la randa lina nyuzi, la msasa hutoka na joto lake. Hili lilikuwa laini, baridi, likamponyoka vidoleni kama maji. Alipolisogeza puani akarudisha kichwa nyuma. Lilinuka mdomo. Mdomo wa mtu aliyenyamaza siku nyingi.

"Dada, poda yako inamwagika huku chini."

"Poda gani? Yangu imekwisha tangu juzi, nakwangua kopo tu." Dada alinyoosha mkono bila kugeuka kutoka kwenye kioo. "Hebu niangalie hapa. Ni mbu huyu?"

Kwenye kifundo cha mkono, juu ya alama za vidole vinne zilizoanza kugeuka kijani, palikuwa na tundu dogo la duara, kama pamechomwa sindano. Kitu kilikuwa kimeng'ata mara moja, kikaacha.

"Mbu haachi tundu."

"Basi usipige kelele, mdogo wangu. Shemeji yako anaamka."

Na Msasa akanyamaza. Huyuhuyu ambaye karakanani wateja wakorofi walimkwepa, ambaye ulimi wake ulikwaruza watu wazima mpaka wakang'aa, ndani ya nyumba ile alikuwa bubu. Chumba alicholala kilikuwa cha shemeji. Kazi ilikuwa ya shemeji. Anayekula kwa mtu hujifunza kutafuna midomo ikiwa imefungwa.

Shemeji mwenyewe, mji mzima ulimwita Patasi. Maungio ya mbao aliyoyafunga hayakupitisha wembe. "Yule ana mikono ya dhahabu," watu walisema, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza mikono hiyo ya dhahabu inafanya nini ikishaweka nyundo chini. Dada alijua. Alikuwa ameshaondoka mara mbili. Mara ya pili alifika kwa mama yao na begi moja begani na jino lake mwenyewe limefungwa kwenye leso. Wakubwa wa pande zote mbili wakaketi. Wakasema ndoa ni kuvumiliana. Wakasema ya chumbani hayaanikwi uani. Patasi akalia, maana kulia alijua mwanamume yule, akaahidi kumtengenezea mkewe kitanda ambacho hakijapata kuonekana. Yakaisha hivyo. Jino kwa kitanda. Na siku ya kurudi, nani alimbebea Dada begi? Msasa.

Kitanda chenyewe kilitoka katika gogo walilolikataa wapasuaji mbao. Msumeno wao ulikwama mara tatu, na mara ya tatu ukakatika ukampasua mmoja wao paja mpaka mfupa ukaona jua. Wenzake wakalisukumia kando wakasema mti una mwenyewe. Patasi akawacheka, akalichukua lote. Kisha akafanya jambo ambalo fundi mwenye haya hafanyi. Kila seremala anajua kwamba chini ya gome mti una weupe, nyama laini yenye utamu, na katikati una kiini, cheusi na kigumu. Weupe hutupwa. Ndio chakula cha bungua, vijidudu vinavyotafuna mbao kavu ndani kwa ndani mpaka zinageuka unga huku nje bado zinang'aa. Patasi hakuutupa. Alimwambia Msasa aupake rangi ya kahawia ufanane na kiini.

"Mtu halali ndani ya mbao," alisema. "Analala juu yake."

Kilitoka kitanda kimoja, ubao wa mlango wa mbele, na vitu vingine kumi na kimoja vya nyumba za watu. Msasa alivipaka vyote. Na alivipaka vizuri.

*

Mchana wa siku ile umeme ulikatika. Mashine ya kuranda ikashuka sauti, ikakoroma, ikafa. Vumbi likaanza kutua.

"Afadhali," alisema Gundi, akijinyoosha juu ya benchi. Gundi alikuwa fundi wa kuunganisha, baba wa watoto wanne, na jina hilo alilipata kwa sababu akikaa mahali hang'oki. "Umeme una huruma kuliko mke wangu."

"Mkeo ndiye mwenye huruma," Msasa alimjibu. "Kila jioni anakufungulia mlango."

Hata Patasi alicheka. Kicheko kilipoisha, karakana ikabaki kimya, na ndani ya ukimya ule wakaisikia.

*Kri. Kri. Kri.*

Ilikuwa ndogo, kama ukucha unaokwangua sahani nyumba ya pili. Haikuwa na haraka. Ilitoka nyuma ya ukuta, upande wa chumba cha kulala.

"Panya," Gundi alinong'ona.

"Panya hupumzika," Msasa akasema. "Hii haipumziki."

Waliingia chumbani wote watatu. Dada alikuwa amesimama kwenye kona, mkono mdomoni, anakitazama kitanda. Ubao wa kichwani ulikuwa umetoboka matundu arobaini, madogo, duara kamili, kana kwamba fundi hodari amepita na keekee nyembamba kama sindano. Kutoka kila tundu uzi wa unga ulikuwa unashuka polepole. Msasa aliliangalia tundu moja kwa karibu, na bungua akatoka: mwekundu-kahawia, mrefu kama nusu ya punje ya mchele. Akasimama mlangoni pa tundu lake akipepesa vipembe, kama mgeni anayetafuta njia.

Patasi akambonyeza kwa kidole gumba.

Damu iliyotoka haikulingana na mdudu. Ilishuka kwenye ubao, nyekundu, nzito, ikafika kwenye mto wa kulalia, ikaendelea kushuka.

"Ziba," Patasi alisema.

"Shemeji, hiyo damu..."

"Ziba yote! Watu wanakuja hapa kuona kazi yangu, waje waone kichungio? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hamkufundishwa shuleni?"

Basi Msasa akafanya alilolijua. Alichota ule unga wenyewe, akauchanganya na gundi mpaka ukawa uji mzito, akaanza kuujaza tundu baada ya tundu, kwa ncha ya kisu, akifuta, akipiga msasa, akipaka rangi. Hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa: kufanya kitu kilichoharibika kionekane hakijawahi kuguswa. Nyuma yake Dada alikuwa amekaa chini, amekumbatia magoti, poda imekauka shavuni. Alipofika tundu la mwisho, juu kabisa, upande wa Dada, Msasa alihisi pumzi ikitoka ndani ya mbao na kumgonga kidole, pumzi yenye joto sasa, yenye ile harufu ya mdomo, na kabla hajauondoa mkono kitu kikamng'ata nchani, kikaonja, kikaachia. Akapiga yowe. Na badala ya kukimbia, kwa mazoea tu, kwa mazoea ya miaka minne, akalijaza tundu uji, akalisawazisha kwa kidole kilekile kinachotoka damu.

Sauti ikakatika.

Patasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa na kupiga sikio lake kwa kiganja, kama mtu aliyeingiwa na maji. Akapiga tena. Halafu akatulia, na taya lake likaanza kwenda taratibu, kushoto, kulia, kushoto.

*

Siku mbili zilizofuata hakumgusa mkewe, na hilo ndilo lililowaogopesha zaidi.

Hakula. Alipita ukutani akigonga kwa kiungo cha kidole na kusikiliza. Msasa alimkuta jikoni amebandika ulimi kwenye mguu wa meza, macho yamefumba. Alipokohoa, kilichotoka kilikuwa kikavu na cheupe. Popote alipopita aliacha mstari mwembamba wa unga, unaotoka kwenye pindo la suruali, na harufu ya ule mdomo ilimtangulia hatua tatu.

"Dada, tuondoke," Msasa alinong'ona kwenye dirisha la jikoni. "Leo. Sasa hivi."

"Nimetoka mara mbili," Dada alisema, kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali ingekuwa na hasira. "Mara mbili mmenirudisha. Mara ya tatu nani anakuja kunichukua? Wewe tena?"

Siku ya tatu, Gundi alitania. Maskini, alitania kwa sababu woga ulikuwa umewabana wote na yeye aliona kazi yake ni kuulegeza. "Bosi, unamwaga unga kama gunia lililotoboka. Tukutie kiraka?"

Patasi akatabasamu. Akamwita, akamwomba amshikie kipande cha mbao kwenye jiliwa, na Gundi akaenda, akakishika kipande kati ya vyuma viwili kama alivyofanya mara elfu, na Patasi akaanza kuzungusha mkono wa jiliwa, taratibu, huku akimtazama usoni kwa upole, na kipande kilipobana Gundi akasema inatosha bosi, na Patasi akazungusha, na Gundi akacheka kidogo akasema bosi vidole vyangu, na Patasi akakichomoa kipande cha mbao kwa mkono mwingine, akakitupa, akazungusha, na kicheko cha Gundi kikageuka kitu ambacho Msasa hakujua kwamba koo la mwanamume linaweza kukitoa, na mifupa ikalia mmoja mmoja kama kuni mbichi motoni, na Msasa alikuwa anampiga shemeji yake mgongoni kwa nyundo ya mti, kwa nguvu zote, mara tano, mara sita, na kila pigo lilitoa mlio wa ngoma, mlio wa kitu kilicho kitupu ndani, na yeye hata hakugeuka.

Alipofungua jiliwa, vidole vitatu vya Gundi vilikuwa vimelingana unene na karatasi. Majirani wakaja mbio, wakamfunga mkono kwa aproni, wakambeba kwenda hospitali. "Ajali," Patasi aliwaambia kwa adabu. "Kazi zetu hizi." Nao wakampa pole. Wakampa *yeye* pole! Walipotoka akaanza kulamba vyuma.

Msasa akakimbia.

*

Mama Tupa alikuwa mnoa misumeno, mtaa wa nyuma, kwenye kibanda kisicho na mlango. Watu walimpelekea misumeno iliyogoma na ndugu waliopagawa, na wote aliwapokea kwa swali moja: kinakata au kinararua? Aliendelea kunoa wakati Msasa anaeleza, *krii, krii*, tupa juu ya jino, jino juu ya tupa. Aliacha aliposikia habari ya uji wa gundi.

"Rudia hapo. Matundu mliyafanyaje?"

"Tuliyaziba, Mama."

"Nani aliwatuma?"

"Shemeji alisema usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta!" Mama Tupa aliitupa tupa mezani. "Methali ya waashi hiyo! Nyinyi ni maseremala! Mtoto wewe, umekaa na mbao miaka minne hujui tundu la bungua ni la nini? Hilo si la kuingilia. Anaingia akiwa yai, humwoni. Anakula ndani mwaka, miaka miwili, humwoni. Siku unayoona tundu, ujue anatoka. Jini wa mti uliokatwa hugawanyika na mbao zake, kila kipande na wake, akasafiri na bungua wake. Wakimaliza, naye anaondoka, hana shida na mtu. Alikuwa anaaga yule. Mkamfungia mlango."

"Kwa hiyo akaingia kwa Shemeji."

"Alitafuta weupe mwingine. Jike la bungua halitagi yai kabla ya kuonja mbao. Likikuta kiini, linaacha. Dada yako kaonjwa?"

"Kifundoni."

"Akaachwa. Ana kiini yule, hata kama nyote mmempaka poda." Mama Tupa akamshika Msasa mkono, akageuza kidole chenye tundu kwenye mwanga. "Na wewe kakuonja. Hajaamua."

"Ataamua lini?"

"Siku utakayoziba tena." Akainuka, akatia begani mfuko wake wa tupa. "Shika shoka hilo. Na sindano ile ya kushonea magunia. Twende, kabla hujaanza kulia, maana ukianza hapa tutachelewa."

Njiani Msasa aliuliza kitu kilichokuwa kinamwasha. "Kumbe ni jini ndilo lililokuwa linampigisha?"

Mama Tupa alisimama katikati ya barabara, jua la mchana kichwani. "Ameanza kumpiga lini?"

"Miaka sita."

"Na gogo lilikatwa lini?"

"Miaka miwili."

"Basi usimsingizie jini wa watu."

*

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa komeo. Ndani kulikuwa na kishindo, kimya, kishindo, kama mtu anayepiga gogo akipumzika kila pigo. Msasa alilipiga shoka kwenye ubao. Ubao ulikuwa wa gogo lilelile. Ulipasuka kama mkate mkavu, na unga ukawamwagikia miguuni.

Patasi alikuwa amembana Dada kwenye ubao wa kitanda, mkono wa kushoto kooni, wa kulia umeshika nyundo ya chuma. Jicho moja la Dada lilikuwa limefumba kabisa. Kidevu kilikuwa chekundu mpaka kifuani. Lakini mikono yake miwili ilikuwa imemshika mumewe uso, vidole gumba machoni, naye hakuwa analia. Alikuwa anasukuma.

"Achia!" Msasa alipiga kelele, kelele ya kwanza aliyowahi kuitoa ndani ya nyumba ile.

Nyundo ikashuka. Dada akapinda shingo, nyundo ikapiga ubao, na mkono wa Patasi ukakatika kwenye kiwiko.

Haukutoka damu. Ulivunjika kama kijiti kilichooza, kiganja kikaanguka shukani bado kimekumbatia mpini, na kutoka kwenye kigutu unga ukaanza kumiminika, mweupe, laini, ukijaa mikunjo ya shuka, ukishuka sakafuni, na ndani ya unga walikuwemo bungua, mamia, wakipanda mabegani, wakiingia kwenye kola, wakitoka puani mwake. Na Patasi akautazama mkono usiokuwepo, akacheka, na ndani ya kicheko chake kulikuwa na sauti ya pili, pana, kavu, kama mbao zinazojipinda kwa jua.

"Nilikuwa natoka zangu," ilisema sauti ile. "Nani kanifungia?"

Hakuna aliyemnyooshea Msasa kidole. Hapakuwa na haja.

"Fungua!" Mama Tupa alifoka, tayari ameruka kitandani na kumkalia Patasi kiunoni. "Yote! Ulivyoyaziba ndivyo uyafungue!"

Msasa akaanza. Alijua kila mahali, ingawa jicho lisingeona kitu. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Akachoma sindano, akazungusha, kiziba kikatoka, akahamia jingine. Patasi alitupa teke, likampata mbavuni, pumzi ikamtoka, akachoma jingine. Mkono uliobaki ulimkamata Mama Tupa kilemba na nywele zake, ukang'oa, na Mama Tupa akampiga tupa ya uso, upande huu, upande ule, na kila pigo lilichubua ngozi, na chini ya ngozi hapakuwa na nyama, palikuwa na mifereji, njia nyembamba zilizopindana, zimejaa vumbi. Kumi. Ishirini. Kila tundu lililofunguka lilivuta pumzi, na Patasi akapungua, mashavu yakadidimia, shati likalegea. Thelathini. Dada aliondoka chini yake akitambaa. Thelathini na tisa.

Lilibaki moja, juu kabisa, upande wa Dada.

Hapo sauti pana ikanyamaza, ikabaki ya Patasi peke yake. Ndogo. Ya kulia.

"Mke wangu. Mwambie asifungue. Akitoka huyu nitabaki na nini ndani?" Machozi yalimtoka, yakageuka uji kwenye unga wa mashavuni. "Nimebadilika, wallahi nimebadilika. Nitakutengenezea kitanda kingine."

Chumba kizima kikamsubiri Dada. Alikuwa amesimama kwa kushikilia ukuta, damu inamdondoka kidevuni, tone, tone. Akanyoosha mkono. Msasa akampa sindano. Akapanda juu ya godoro, akapita juu ya miguu ya mumewe kama anavyopita mtu juu ya gogo njiani, akatafuta kwa kidole, akalipata tundu, akachoma mpaka sindano ikazama yote.

Kilichotoka hakikuwa na umbo, lakini kilikuwa na uzito. Kilipita kwenye matundu yote arobaini kwa pamoja, kwa mluzi uliopasua kioo cha kujipodoa na kuwatoa damu masikioni, kikavuta bungua wote nyuma yake kama vazi, kikampita Msasa shavuni kwa joto la mkate unaotoka jikoni, kikatoka dirishani kwenye mwanga wa saa tisa alasiri. Hakikumgusa mtu. Kilikuwa na haraka ya kwenda.

Mama Tupa alimwinua Patasi kwa mkono mmoja, akamkalisha kitini. Alikuwa hai. Alikuwa mwepesi kama kikapu.

Dada alichukua begi chini ya kitanda, akalipangusa unga.

"Nikubebee?" Msasa aliuliza.

"Hapana. Safari hii nalibeba mwenyewe."

*

Mji ulimhurumia sana Patasi. Alikaa barazani kwa karakana na mkono wake mmoja, mpole, anaitikia kila salamu. "Jini lilimharibia ndoa, maskini," watu walisema, na mbele ya Msasa walisema mara moja tu.

"Jini lilikaa ndani yake siku tatu," aliwajibu. "Ile miaka sita tumwandikie nani?"

Naye alikuwa na kazi nyingine. Vitu kumi na kimoja vilivyotoka katika gogo lile vilikuwa kwenye nyumba za watu, na kila kimoja alikikumbuka kwa vidole. Akatia sindano mfukoni, akaanza kuzunguka. Kabati la kwanza lilikuwa limeshatoboka, limebaki ganda, wenyewe wanalalamikia unga. Hapo akacheka kwa nafuu mpaka wakamshangaa. Meza ya nyumba ya pili, vilevile. Kitanda cha mtoto, vilevile. Bungua na jini wao walitoka zao salama, kwa kuwa hakuna aliyejua kuziba.

Nyumba ya nne ilikuwa ya ghorofa, mlango wa bluu. Alibisha. Ndani kulikuwa na ile sauti, *kri, kri*, haina haraka. Mwanamke alifungua kiasi cha upana wa uso. Shavu la kushoto lilikuwa na poda nyingi kuliko la kulia. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Natoka karakana mliyonunua kitanda," Msasa alisema. "Nimekuja kuangalia kama kina matundu."

"Hakina tena," mwanamke alinong'ona. "Mume wangu kayaziba yote juzi. Tafadhali, usipige kelele."

Tundu kwenye kidole cha Msasa likaanza kuwasha. Ilikuwa rahisi sana kusema samahani, dada, nimekosea nyumba. Alisikia maneno hayo yamejipanga ulimini, laini, baridi, kama unga.

Akaweka mguu wake mlangoni.

Nyuma ya mwanamke, chumbani, sauti ilinyamaza ghafla, kama anavyonyamaza mtu aliyesikia anatajwa. Kisha kitanda kililia, uzito ukiondoka juu yake, na hatua zikaanza kuja.